Kidude cha OBD na safari ndefu ya mkusanyiko wa magari: kinunue mapema au kiache dukani

Nianze na hukumu kwa wenye haraka. Kisoma misimbo cha OBD (mfumo wa kompyuta ya gari kujichunguza na kuandika makosa yake kwa misimbo), kile kinachoongea na simu kwa Bluetooth, ni ununuzi mzuri kwa mtu anayejiandaa kwenda mbali kwenye mkusanyiko wa wapenda magari, kwa sharti moja: kiwe mkononi mwako wiki tatu au nne kabla ya kuondoka. Ukikinunua jioni ya kuamkia safari, ukakitupa kwenye kidroo cha dashibodi na kungoja gari likwame ndipo ukitoe, hela yako imekwenda bure. Barabarani kitakuambia kilichokufa ni nini, lakini spea hakitakuletea.

Ninachokizungumzia ni kile cheusi, chenye ukubwa wa kiberiti, kinachochomekwa chini ya usukani. Jina la mtengenezaji silitaji kwa sababu halipo. Kwenye kasha kuna picha ya gari lisilojulikana, maandishi ELM327, na karatasi ya maelekezo ambayo mwandishi wake hakuhangaika kueleweka. Nimekitumia kwenye gari langu dogo la petroli la mwaka 2003, silinda nne, lililoshushwa kidogo na lenye eksozi ambayo haikutoka nalo kiwandani. Nimekichomeka pia kwenye magari ya wenzangu wa msafara, wengine kwa ruhusa ya shingo upande.

Kwa nini nasema mapema? Safari ya kawaida ukichelewa kwa siku moja unapiga simu, unaomba radhi, yanaisha. Mkusanyiko una tarehe, na tarehe haimsubiri mtu. Tena magari yenyewe yanayokwenda huko si yale yaliyotoka dukani juzi. Ni ya zamani, au yameguswa, au yote mawili: chujio la hewa limebadilishwa, kompyuta imeandikwa upya, muziki unakula umeme, buti limejaa zana na viti vya kukunja. Gari la namna hiyo linapakiwa uzito wa kuhama nyumba, linakimbizwa barabara kuu kutwa nzima, kisha linawekwa kwenye foleni ya getini likiunguruma juani bila upepo wa kupooza rejeta. Ugonjwa uliojificha kwa miezi ya kwenda kazini na kurudi huchagua siku hiyo kujitokeza. Kwa hiyo mimi hupanga kurudi nyuma: naanza na siku ya kufika, nahesabu siku za kuendesha, kisha naweka wiki tatu za kumsikiliza mgonjwa.

Sasa, kinamfaa nani. Soketi ya OBD-II ina pini 16, na mara nyingi iko upande wa magoti ya dereva, wakati mwingine imefichwa nyuma ya kifuniko kidogo. Marekani iliilazimisha kwa magari madogo kuanzia modeli za 1996. Ulaya ikafuata kwa magari ya petroli mwaka 2001, na ya dizeli mwaka 2004. Gari lako likiwa la baada ya hapo, uwezekano wa kidude kufanya kazi ni mkubwa. Mtego uko kwenye magari yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani mwishoni mwa miaka ya tisini. Soketi unaikuta, pini zipo, unachomeka kwa furaha, kisha programu inazunguka tu ikijaribu kuunganisha, kwa sababu kompyuta ya gari inaongea lugha ya kiwanda chake na si ile ya kawaida. Magari hayo yanapendwa sana kwenye mikusanyiko, basi jaribu kabla ya kununua, au azima cha jirani. Na mwenye gari la kabureta asijisumbue kabisa, maana mara nyingi halina kompyuta ya kuongea nacho. Katika msafara wetu yupo mzee mmoja mwenye gari la namna hiyo. Sisi tukihangaika na simu, yeye anafungua boneti, ananusa, anafunga.

Hilo neno ELM327 linahitaji maelezo, maana ndilo linalowachanganya wanunuzi. Lilikuwa jina la chipu ya kampuni moja ya Kanada, Elm Electronics. Toleo lake la kwanza halikufungwa dhidi ya kunakiliwa, wajanja wakalinakili, na tangu hapo dunia imejaa nakala. Nyingi zinajitambulisha kuwa toleo la 1.5, namba ambayo kampuni yenyewe haikuwahi kuitoa kwa chipu hiyo. Kampuni ilifunga shughuli mwaka 2022, lakini nakala zinaendelea kuzaliwa. Changu kinajitangaza 1.5 bila aibu. Kwenye gari langu kinafanya kazi vizuri. Kwenye pikapu ya shemeji yangu kiliwasha taa zote, kikatulia, kisha hakikusema lolote. Ndiyo hali ya nakala: zinakata baadhi ya lugha ambazo chipu halisi inazijua, na namba kwenye skrini hubadilika polepole. Vipo vya daraja la juu, mfano OBDLink, vinavyotumia chipu ya STN. Hivyo vinaelewa amri zilezile na vina kasi zaidi. Ukiwa na gari moja na unataka tu kulijua kabla ya safari, cha rahisi kinatosha, mradi umehakikisha kinaongea na gari lako. Ukiwa ndiye fundi wa msafara, lipia kizuri.

Kuna jambo la simu ambalo wauzaji hawalitaji. Kama unatumia iPhone, vidude vya Bluetooth ya zamani havitaonekana kabisa. Tafuta cha Bluetooth ya nishati ndogo, au cha Wi-Fi. Lakini cha Wi-Fi kina kero yake, nayo ni kubwa kwa msafiri: simu inajiunga na mtandao wa kidude, mtandao ambao hauna intaneti, na ramani yako ya njia inaanza kukosa taarifa za foleni. Mwenzangu mmoja alilazimika kutembea na simu mbili, moja ya gari na nyingine ya ramani. Kama una nafasi ya kuchagua, chukua Bluetooth. Programu zipo nyingi. Torque ni ya Android na imezoeleka. Car Scanner inapatikana kwa simu za aina zote mbili na ndiyo niliyobaki nayo, kwa kuwa kurasa zake naweza kuzipanga nitakavyo.

Tuje kwenye kazi yenyewe.

Jambo la kwanza ninaloangalia ni misimbo inayosubiri. Watu wengi wanaamini taa ya injini isipowaka gari ni zima. Sivyo kompyuta inavyofanya kazi. Kwa makosa mengi, ikiliona mara ya kwanza inaliandika pembeni na kunyamaza; likirudi katika mwendo mwingine kamili ndipo inawasha taa. Kwa hiyo kuna kipindi ambacho gari limekwisha kulalamika lakini wewe hujasikia. Dalili ya mvua ni mawingu, na kidude hiki kinakuonyesha mawingu. Kwangu kilitoa P0302 inayosubiri, yaani silinda namba mbili inamisi, haichomi petroli yake ipasavyo. Mkononi sikuwa nasikia kitu. Labda mtetemo mdogo asubuhi, ambao mwenye eksozi ya kelele anausamehe kirahisi.

Kilichofuata ndicho kinachonifanya nikipende. Gari langu lina koili moja, kile kinachotoa umeme wa cheche, juu ya kila plagi. Nikaihamisha koili ya silinda ya pili kwenda ya nne, na ya nne nikaileta ya pili, nikafuta msimbo, nikaendesha kwa siku kadhaa kama kawaida. Ukirudi P0302, ugonjwa umebaki pale pale: plagi, injekta, au jambo zito zaidi. Ukihamia P0304, koili ndiyo mwizi. Ulihamia. Nikaagiza koili mpya, ikachukua muda wake kufika, na muda ulikuwepo. Hesabu ingekuwa nyingine kabisa kama hayo yangetokea usiku katikati ya pori na msafara mzima umesimama kwa ajili yangu, kila mtu akitoa ushauri.

Neno moja hapa kuhusu kusoma misimbo, kwa sababu naona watu wanavyonunua spea kwa kufuata namba. Herufi ya kwanza inataja eneo: P ni injini na gia, B ni bodi, C ni chasi, U ni mawasiliano kati ya kompyuta. Tarakimu inayofuata, ikiwa 0, msimbo ni wa pamoja kwa magari yote. Ikiwa 1, mara nyingi ni wa kiwanda husika, na huo utafute maana yake kwa gari lako na si kwa gari jingine. Zaidi ya hapo, msimbo unakuelekeza mahali pa kuchungulia. P0171 inasema mchanganyiko una hewa nyingi mno kwa petroli iliyopo. Haisemi ubadilishe sensa ya oksijeni, ingawa wapo wanaoibadilisha siku hiyohiyo. Sensa imetoa taarifa tu, nawe unamfukuza mleta habari. Mkosaji anaweza kuwa mpira uliopasuka unaoingiza hewa ya wizi, au chujio la petroli lililoziba.

Ili kumjua, angalia kitu ambacho programu nyingi huita fuel trim, yaani asilimia ya petroli ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza ili mchanganyiko ukae sawa. Kuna ya muda mfupi inayorukaruka na ya muda mrefu inayotulia. Zijumlishe. Zikicheza karibu na sifuri, au hata tano hivi juu au chini, lala usingizi. Zikipita kumi, kuna jambo. Utamu uko kwenye kulinganisha: kama inaongeza sana gari likiwa limesimama likiunguruma, kisha inashuka ukikanyaga hadi mizunguko 2500 kwa dakika, hewa inavuja mahali. Kama ni nzuri gari likisimama halafu inapanda ukilibana mlimani, petroli haifiki ya kutosha, au sensa ya kupima hewa inadanganya.

Hiyo ya pili tuliikuta kwa mwenzetu aliyefunga chujio la hewa la wazi, lile la pamba linalopakwa mafuta. Alikuwa ameliosha na kulipaka kwa moyo mkunjufu mno, mafuta yakapuliziwa hadi kwenye waya wa sensa, na sensa ikawa inaona hewa kidogo kuliko inayopita. Akikanyaga mafuta, kompyuta inahangaika kuongeza asilimia kumi na kitu. Dawa ilikuwa kopo la kusafishia sensa za hewa, dakika chache, na uvumilivu wa kuacha pakauke. Chujio lenyewe hakutaka kulitoa. Linatoa mlio, alisema, na mlio ndio alioununua. Hapo siwezi kubishana na mtu.

Joto la injini ni sababu nyingine tosha ya kununua kidude hiki. Mshale wa dashibodi ni mwongo mwenye adabu. Viwanda vingi vimeupanga ukae katikati katika eneo pana la joto ili mwenye gari asiwe na wasiwasi kila akipanda kilima, kwa hiyo siku unapoanza kunyanyuka, shughuli imekwisha kuwa pevu. Kidude kinakupa digrii zenyewe. Kwenye gari langu niliona kitu cha ajabu: mjini maji yanafika 90 na kutulia, lakini nikitoka barabara kuu yanashuka hadi 76, 74. Upepo mwingi, thermostati (vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta kabla injini haijapata joto) imebaki wazi. Mshale wakati huo uko katikati, unatabasamu. Mtu anaweza kusema, kupoa si ndiyo raha? Hapana. Injini isiyofika joto lake inapewa petroli ya ziada, oili haichomi unyevu wake, na ukiiacha hivyo mwishowe huja P0128. Thermostati nikaibadilisha mwenyewe pamoja na kuulanti, dawa ya kupoozea injini, na sasa barabara kuu inakaa kati ya 88 na 92.

Hilo likanipeleka kwenye mafuta, na hapa ndipo mpango wa safari unapoandikwa. Programu inakadiria matumizi kwa kupima hewa inayoingia na kudhani sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu moja ya petroli kwa uzito. Makadirio ya kwanza yatakuwa pembeni kidogo. Jaza tanki hadi litoe mlio, endesha, jaza tena pampu ileile, kisha rekebisha namba ndani ya programu. Baada ya kurekebisha, gari langu likiwa limepakiwa kisafari lilinipa lita 7.4 kwa kilomita 100 nikitembea 90 kwa saa, na 8.9 nikitembea 110. Upinzani wa hewa hukua kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo tofauti hiyo haikunishangaza, ila kuiona kwenye skrini kumenipunguzia ushujaa. Tanki la lita 50 linanipeleka kilomita 675 kwa mwendo wa kwanza na 560 kwa wa pili, kwenye karatasi. Kwenye mpango nimeandika kituo kila kilomita 400, maana tanki halimalizwi hadi tone la mwisho, na upepo wa mbele haujui hesabu zangu.

Hata hivyo msafara haupangiwi kwa gari langu. Unapangiwa kwa gari mlevi wa mafuta kuliko yote. Kila mmoja alete namba yake ikiwa imepimwa na mzigo ndani, na vituo viwekwe kwa tanki dogo na kiu kubwa. Wenye dizeli wasitegemee makadirio haya ya hewa: dizeli hutembea na hewa tele kupita mahitaji, hivyo hesabu ya 14.7 kwao ni hadithi. Wao wapime kwa kujaza tanki tu.

Umeme kwa kifupi. Betri nzima iliyopumzika usiku kucha inaonyesha karibu volti 12.6, ikikaa 12.2 imebaki nusu. Injini ikiwaka, tegemea 13.8 hadi 14.5. Washa taa, feni, kiyoyozi na muziki kwa pamoja, acha gari likiunguruma: ikishuka chini ya 13, alteneta inayochaji betri imechoka au mkanda wake unateleza. Magari mapya yana alteneta zinazoshusha na kupandisha volti zenyewe ili kubana mafuta, kwa hiyo wenye nayo wasipige mayowe kwa namba moja.

Kuna mengi kidude hakiyaoni, na hapa nakuwa mkali, kwa sababu nimesikia watu wakisema gari "limepita kompyuta" kana kwamba limebarikiwa. Hakijui umri wa tairi zako. Huo usome ubavuni, tarakimu nne za mwisho baada ya DOT, ambapo 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Hakijui kwamba mafuta ya breki yamenyonya unyevu, kwamba paipu ya maji imekuwa laini na kuvimba, kwamba beringi ya gurudumu inaimba, wala kwamba spea tairi yako haina upepo. Kiwango cha oili hakikijui kwenye magari mengi. Hayo yanataka magoti chini na tochi.

Na tafadhali, usifute misimbo asubuhi ya safari ili uondoke na dashibodi safi. Ukifuta, unafuta pia ile picha ya hali ya gari wakati kosa lilipotokea: mizunguko, joto, mwendo, mzigo. Unafuta na yale ambayo kompyuta imejifunza kuhusu mchanganyiko. Fundi atakayekupokea njiani atakuta kitabu kitupu. Ukitaka kufuta, hifadhi kwanza picha za skrini.

Barabarani, nilivyosema, thamani yake inashuka, ila haifiki sifuri. Simu namkabidhi anayekaa pembeni; dereva hana biashara na asilimia. Nimeweka kengele ilie joto likifika 105. Si kwamba maji yanachemka hapo: mchanganyiko wa nusu kwa nusu wa kuulanti na maji, chini ya kifuniko cha rejeta chenye shinikizo la kama baa moja, huvumilia hadi karibu 129. Ila ikifika 105 kwenye gari linalokaa 90 siku zote, nataka kujua bado nikiwa na muda wa kuzima kiyoyozi, kupunguza mwendo na kutafuta pa kusimama. Mlima mrefu ukiwa umejaza mzigo utaona 96, 98, kisha inarudi ukifika kileleni. Hiyo ni pumzi ya kawaida. Cha kuogopa zaidi, na wengi hawakijui, ni joto linaloporomoka ghafla kutoka juu. Maji yakimwagika yote, sensa inabaki hewani na inaweza kusoma chini wakati chuma kinaungua. Namba ikishuka bila sababu na hita ikaanza kupuliza baridi, zima injini kwanza, maswali baadaye.

Taa ya injini ikiwaka na kutulia huku gari likivuta vizuri, soma msimbo kwenye kituo kinachofuata na uamue. Ikipepesa, usisubiri kituo. Injini inamisi kiasi cha kumwaga petroli mbichi kwenye eksozi, na lile sega la kusafisha moshi litageuka jiko. Ondoa mguu, kaa pembeni.

Ukifika kwenye mkusanyiko, kichomoe. Pini ya 16 ina umeme hata ufunguo ukiwa mfukoni, na vidude vya rahisi havilali. Kikinyonya miliampia 40, ni kama saa-ampia moja kila siku. Betri nzima haitatishika, lakini ya kwako inayolisha muziki na friji ndogo siku nzima bila injini kuwaka haihitaji mnyonyaji mwingine. Sababu ya pili inanichekesha: nywila ya kuunganisha ni 1234 au 0000, na umeegesha katikati ya watu wenye programu hiyohiyo kwenye simu zao na udadisi usio na mpaka. Usiwape nafasi.

Utaombwa kuazimisha, hilo halikwepeki. Mtu akishajua unacho, mstari unajipanga. Mimi nasoma na kumwonyesha mwenye gari, lakini sifuti msimbo wa mtu, hata akisisitiza. Abonyeze mwenyewe. Gari ambalo kompyuta yake imeandikwa upya linaweza pia kuwa limezimiwa misimbo kadhaa, kwa hiyo "hakuna kosa" kwenye gari lenye eksozi ya inchi tatu na bila sega nalipokea kwa heshima na kwa mashaka.

Mapungufu ya kifaa chenyewe, mbali na lugha kinazozikata: joto la gia boksi hakikunipa, kwa kuwa mara nyingi hilo linahitaji amri maalumu za kiwanda, na mwenye gia ya otomatiki anayevuta tela angelihitaji kuliko mimi. Muunganisho hukatika simu ikipata moto kwenye kishikilio cha kioo. Na umbo lake ni baya: kimejitokeza chini ya usukani pale goti linapopita, na kwenye gari lililoshushwa ambalo mtu huingia kwa kujikunja, siku moja utakipiga teke na kung'oa soketi. Agiza pamoja nacho waya mfupi wa kurefusha, ule bapa, uupitishe chini ya kapeti hadi karibu na breki ya mkono. Waya wenye swichi yake upo pia, unakizima kidude bila kukichomoa. Huo ndio ninaoutumia sasa.